Askari Polisi: Maana Yake na Kazi Yake Katika Nchi Yetu

Kamati imetutaka tuandike katika taarifa ya mwaka huu maneno ya historia juu ya askari polisi: alitoka wapi, jina lake maana yake nini, na kazi yake hasa ni ipi. Sababu ya kutakwa hivyo haijifichi. Ukiacha mambo ya mazishi na karo za watoto, hakuna kazi ya chama itutoayo vitandani usiku kama hii ya kwenda kituoni kumwulizia kijana aliyekamatwa. Mzee hufika mbele ya kaunta, huvua kofia, husema kwa sauti ya kuomba na mtu aliye umri wa mjukuu wake. Naye kijana yule, ambaye huenda baba yake ni mwanachama wa chama kama hiki chetu katika wilaya nyingine, hujibu kana kwamba kituo ni nyumba yake na sheria ni mali aliyorithi. Tumeyaona haya mara nyingi hata tumeyazoea, na jambo likizoeleka watu hudhani ndivyo lilivyoumbwa. Halikuumbwa hivyo. Lina mwanzo wake, lina miaka yake, na lina watu waliolifanya.

Tuanze na jina lenyewe. Neno "askari" ni la Kiarabu, na maana yake ya asili ni mtu wa jeshi. Pwani yetu ililijua tangu zamani, kwa kuwa Masultani wa Unguja walikuwa na askari wao, wengi wao Mabulushi, katika Ngome ya Yesu huko Mombasa. Neno "polisi" ni geni zaidi. Shina lake ni la Kiyunani, nalo maana yake ni mji, na likatufikia kwa kinywa cha Mwingereza. Kiswahili kikayafunga pamoja maneno haya mawili, "askari polisi," na kwa kufanya hivyo kikamvika mlinzi wa mji vazi la vita kabla hajaanza kazi. Angalieni jinsi neno hili lilivyotapakaa: mpiganaji wa KAR aliitwa askari, alindaye wafungwa ni askari jela, mpelelezi asiyevaa sare ni askari kanzu, hata yule mzee alalaye mlangoni pa duka la Mhindi na rungu yake na koti lake refu, naye ni askari. Neno "afande" ndilo lililosafiri zaidi ya yote. Ni la Kituruki, maana yake bwana, nalo lilikuja na wale Wasudani wa jeshi la Misri ambao Kapteni Lugard aliwachukua mwaka 1891 ili wamsaidie katika Uganda. Baadhi ya wajukuu wao ndio Wanubi wa Kibra. Basi kijana wa leo akiitikia, "Ndiyo, afande," ana Mturuki, Mmisri na Msudani ulimini mwake, naye hana habari.

Hatutaki kusema kwamba kabla ya sare kuja nchi haikuwa na amri. Wamijikenda walikuwa na kambi ya wazee ndani ya kaya, Wameru walikuwa na Njuri Ncheke, Wakamba nzama, Wakikuyu kiama. Shauri likikatwa, rika la vijana ndilo lililotumwa kwenda kuchukua mbuzi wa fidia au kumleta mkaidi. Kijana aliyetumwa alimjua yule anayemwendea, aliwajua wake zake na mipaka ya shamba lake, na kesho yake huenda angekutana naye kisimani. Hilo lilimzuia asizidishe. Lakini tusiipake historia mafuta. Mgeni asiye na ukoo hapo alikuwa na wa kumsemea wachache, mwanamke alisemewa na wengine, na mtu aliyetuhumiwa uchawi hakuwa salama sana mbele ya watu wake mwenyewe. Tunalolisema ni moja tu, kwamba aliyetumwa kukamata alikuwa na mahali pa kujibia, na mahali penyewe palikuwa pale pale nyumbani.

Polisi wa sasa hawakutoka katika mizizi hiyo. Walitoka ghalani. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipopewa hati na Malkia mwaka 1888, ilikaa Mombasa na kuajiri walinzi wa kulinda bohari zake, bidhaa zake na misafara yake iendayo bara. Mwaka 1895 Kampuni iliishiwa nguvu na serikali ya Uingereza ikaitwaa nchi kuwa himaya yake. Mwaka uliofuata reli ikaanza kujengwa kutoka Mombasa, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwishoni mwa 1901. Reli nayo ilihitaji walinzi wa mataruma, vyuma na kambi za vibarua, na wengi wa walinzi hao wa kwanza walitolewa Bara Hindi. Ndipo mwaka 1902 vile vikosi vidogo vilivyokuwa Mombasa, Nairobi na Kisumu vikaunganishwa kuwa polisi wa himaya, na mwaka 1906 ikatungwa sheria ya kuvipa msingi. Mwaka ule ule wa 1902 ndio ulioanzishwa KAR. Mtu angedhani kwamba hapo mwanajeshi na polisi waliagana, kila mmoja akashika njia yake. Haikuwa hivyo. Wote wawili walibeba bunduki, wote wawili walikaa katika laini mbali na raia, na wote wawili walifundishwa gwaride kabla ya kufundishwa sheria. Tena sheria yenyewe ya makosa ya jinai iliyotumika hapa mpaka mwaka 1930 ilikuwa ile ya Bara Hindi.

Hapa inafaa tusimame kidogo tutazame Uingereza, kwa sababu watu hupenda kusema kwamba tulirithi polisi wa Kiingereza. Mwaka 1829 Waziri mmoja, Robert Peel, aliunda polisi wa mji wa London. Watu wa London hawakuwataka, wakihofu kwamba serikali yawaletea jeshi mlangoni. Kwa hiyo Peel aliwavika rangi ya buluu wasifanane na wanajeshi waliovaa nyekundu, akawapa kirungu badala ya bunduki, akawatuma watembee kwa miguu mitaani ili wajuane na wenyeji. Mpaka leo Mwingereza humwita polisi wake "bobby," kwa jina la Robert huyo. Lakini Peel huyu huyu, alipokuwa akitawala Ireland kwa niaba ya Mwingereza, alikuwa amekwisha kuunda huko tangu 1814 polisi wa namna nyingine kabisa: wenye silaha, waliotumwa kwenda kutuliza wilaya zenye fujo, na waliojibu kwa serikali peke yake. Kutokana na mwanzo huo Ireland ikapata kikosi chake chenye bunduki, kikaacho kambini. Basi mtu mmoja alifanya polisi wawili, mmoja kwa watu wake na mmoja kwa watu aliowatawala. Makoloni, na Kenya ikiwamo, yalifuata mfano wa Ireland. Tukisema tulirithi polisi wa Kiingereza twasema kweli nusu. Tulirithi yule ambaye Mwingereza hakumtaka mtaani kwake.

Kazi ya askari huyo mbele ya Mwafrika ilikuwa nini? Wazee waliokulia wakati ule walitusimulia, na vitabu vyawashuhudia. Alikuja na mhesabu wa nyumba kutafuta kodi. Alikuja kutafuta pombe. Na juu ya yote alikuja kuuliza kipande. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita Vikuu vya kwanza, ikimlazimu kila mwanamume wa Kiafrika aliyefikia umri wa miaka 16 kuchukua karatasi yenye alama za vidole vyake na jina la bwana aliyemwajiri, ndani ya kikebe cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Mtu aliyeacha kazi bila kuandikiwa alikuwa mhalifu. Askari akawa na haki ya kumsimamisha mtu yeyote mweusi njiani na kumwambia, "Lete kipande." Kipande kiliondolewa katika miaka ya mwisho ya 1940, lakini desturi haikuondoka nacho. Kijana wetu anaposimamishwa leo saa tatu ya usiku akitoka kazini, na kuulizwa kitambulisho kwa ukali ule ule, mzee aonaye hukumbuka kile kikebe.

Mwaka 1922 ndio mwaka ambao swali hili la askari liliulizwa hadharani kwa mara ya kwanza katika Nairobi, na lililiulizwa kupitia chama. Harry Thuku, karani wa simu serikalini, alikuwa ameanzisha mwaka mmoja kabla chama cha Waafrika wa Nairobi cha kulalamikia kupunguzwa mishahara, kuzidi kwa kodi, na hicho hicho kipande. Tarehe 14 Machi alikamatwa. Watu wakaacha kazi, wakakusanyika mbele ya kituo alikofungiwa, pale ilipo Central mpaka leo, wakalala hapo wakiomba Mungu. Tarehe 16 wajumbe wao walikwenda kwa mkubwa wa serikali, wakarudi na ahadi kwamba shauri litasikizwa, wakawaomba watu watawanyike. Hapo ndipo Mary Muthoni Nyanjiru aliposimama, akainua nguo yake juu ya kichwa, akawaambia wanaume wampe suruali zao wao wachukue gauni lake. Wanawake wakapiga vigelegele, watu wakasukumana kuelekea mlangoni, na askari wakapiga risasi. Walowezi waliokuwa barazani pa hoteli ya Norfolk, upande wa pili wa njia, nao wakapiga. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliokufa. Serikali ilihesabu maiti 21. Watu wa Nairobi walihesabu zaidi. Thuku alipelekwa Kismayu, ambayo wakati huo ilikuwa bado katika Kenya.

Tukiyasoma haya hatuwezi kusahau kwamba vidole vilivyovuta zile bunduki za polisi vilikuwa vya Waafrika. Ilikuwa hila ya zamani ya serikali kumchukua kijana wa kabila hili na kumpeleka kulinda kabila lile, ili asiwe na shangazi wala mjomba katika umati. Lakini kijana huyo naye alikuwa mtoto wa mtu. Aliingia polisi kwa kuwa kodi ya baba yake ilidaiwa, au kwa kuwa hapakuwa na shule zaidi. Kambini alijifunza Kiswahili, maana ndiyo lugha pekee ambayo Mkamba, Mnandi na Mjaluo wangeweza kupokea amri kwayo pamoja. Na walipopelekwa wilayani waliifikisha lugha hii katika vituo vingi vya bara ambavyo mwalimu alikuwa bado hajavifikia. (Kiswahili chao kilikuwa cha amri zaidi ya cha adabu, na mpaka leo wako watu wa bara wasiojua kuomba kitu kwa Kiswahili ila kwa kuamrisha. Hilo nalo ni urithi.) Alipokwenda likizo nyumbani, alikuwa mtu wa heshima, mara nyingi nyumba ya kwanza ya mabati kijijini ilikuwa yake au ya mwalimu. Vyama kama hivi vyetu vilipokusanya michango mjini, askari walitoa sehemu yao kimya kimya, wakakaa nyuma. Mjini alikuwa mkono wa mzungu, nyumbani alikuwa tegemeo la ukoo, na sidhani kwamba yeye mwenyewe alipata usingizi mzuri kati ya hayo mawili.

Wala shida za askari hazikuishia ukoloni. Tume zilizochunguza hali yao karibuni zilikuta familia mbili zikigawana chumba kimoja kwa pazia, na vibanda vya bati vya duara ambavyo hakuna mzee wetu angekubali kumlaza mgeni ndani yake. Mwezi wa Novemba 2012, katika bonde la Suguta karibu na Baragoi, askari zaidi ya 40 waliuawa kwa kuviziwa walipotumwa kufuata ng'ombe walioibwa, na wengi wao walikuwa vijana waliotoka mafunzoni majuzi. Mama zao walililia maiti kama mama wengine wote. Anayemsema askari vibaya na ayakumbuke hayo pia.

Turudi katika historia. Mwaka 1929 serikali ilitunga sheria ya Tribal Police, askari wa chifu na wa Bwana DC, ambao mwaka 1958 waligeuzwa jina kuwa Administration Police. Hawa hawakuwa chini ya Komishna wa Polisi hata kidogo. Kwa hiyo nchi ilikuwa na askari wa namna mbili, na mwananchi wa kijijini alimjua hasa huyu wa pili. DC ndiye aliyesimamia kodi, ndiye aliyewatuma askari, na mara nyingi ndiye aliyeketi kama hakimu kusikiza kesi ya aliyekamatwa. Mashtaka, ushahidi na hukumu vilizunguka meza moja.

Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 meza hiyo ikawa kubwa zaidi. Polisi waliongezwa haraka, walowezi waliandikwa kuwa polisi wa akiba, na vijijini wakawekwa Home Guard chini ya machifu. Katika habari nyingi za miaka ile kuna moja isiyojulikana sana, nasi twaipenda kuisimulia kwa kuwa yagusa kiini cha shauri letu. Mwanzoni mwa 1954 aliletwa kutoka London mkuu wa polisi wa Jiji, Arthur Young, awe Komishna wa Kenya. Alikuwa polisi wa ule mfano wa Peel wa London. Alikuta watu wameuawa na kuteswa katika vituo vya Home Guard, akataka wapelelezi wake wawachunguze waliotenda hayo kama wanavyochunguza mhalifu mwingine yeyote, awe chifu au nani. Alitaka pia polisi wasiamrishwe na maofisa wa utawala katika mambo ya kushtaki. Gavana, Sir Evelyn Baring, hakukubali. Machifu waaminifu wakishtakiwa, nani atapigana upande wa serikali? Basi kabla mwaka haujaisha Young alijiuzulu akarudi kwao, na barua yake ya kujiuzulu ikafichwa isisomwe na watu.

Hatusemi Young alikuwa rafiki wa waliodai ardhi; alikuja kusaidia serikali yake ishinde. Alichokataa ni kitu kimoja: kwamba askari achague nani achunguzwe na nani aachwe kwa sababu mkubwa amesema. Mwingereza aliyekataliwa na Mwingereza mwenzake kwa kutaka sheria ya Kiingereza ifuatwe Kenya! Miaka minne na zaidi baadaye, tarehe 3 Machi 1959, walipopigwa na kufa wafungwa 11 huko Hola, serikali ilitoa taarifa kwanza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Young angekuwapo angalikuwa na la kuuliza.

Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba 1963, na muda mfupi baadaye Mwafrika wa kwanza, Bernard Hinga, akashika ukomishna. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Katiba ya uhuru ilikuwa imeweka tume ya kusimamia utumishi wa polisi ili wasiwe mali ya chama kinachotawala. Lakini katiba hiyo ilianza kukatwa vipande mapema, na ulinzi ule ukaenda pamoja na vingine. Uso wa mwenye kutoa amri ulibadilika, njia ya amri ikabaki ile ile. Katika miaka ya 1980 watu walikamatwa usiku kwa fikira zao, wakashushwa katika vyumba vya chini ya jumba la Nyayo hapa Nairobi, wakateswa huko. Mahakama zetu wenyewe baadaye ziliamuru walipwe fidia. Mwaka 1988 Bunge lilibadili Katiba ili mtu aliyeshukiwa kosa la kifo aweze kushikwa na polisi siku 14 bila kupelekwa mahakamani, na katika mabadiliko hayo hayo majaji wakaondolewa kinga ya kazi yao. Wabunge waliopiga kura ile walikuwa watoto wa watu waliovaa kipande.

Ilichukua damu nyingi kurudi nyuma. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi iliwaka moto, na Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu mwaka 2008 watu 1,133 waliokufa, zaidi ya 400 kati yao kwa risasi. Tume ile haikumung'unya maneno juu ya polisi. Mwaka 2009 Jaji Philip Ransley na wenzake walitoa mapendekezo 200 ya kuwatengeneza upya. Kisha tarehe 27 Agosti 2010 Katiba mpya ikazinduliwa, na mengi ya yale yaliyotafutwa tangu 1922 yakaandikwa humo.

Tuyataje yale yatufaayo. Kwanza jina: neno la Kiingereza lililomaanisha jeshi au nguvu liliondolewa, polisi wakaitwa Huduma ya Kitaifa ya Polisi. (Jirani zetu wa Tanzania wanaendelea kusema Jeshi la Polisi, na hilo ni shauri lao.) Pili, wale askari wa namna mbili waliwekwa chini ya mkuu mmoja, Inspekta Jenerali, na yakaandikwa maneno ambayo Young aliyakosa: hakuna mtu, hata Waziri, awezaye kumwamuru mkuu huyo amchunguze au asimchunguze nani, au sheria imshike nani na imwache nani. Waziri aweza kumpa mwongozo wa sera, nao lazima uwe kwa maandishi. Tatu, aliyekamatwa aambiwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au, kama saa hizo zaishia wakati mahakama imefungwa, siku ya mahakama ifuatayo. Sheria ya Polisi ya mwaka 2011 ikaongeza kwamba kutii amri ya mkubwa si udhuru kwa askari aliyetumia nguvu kinyume cha sheria; na mwaka huo huo ikatungwa sheria ya IPOA, mamlaka ya raia ya kuchunguza polisi.

Msomaji atatuuliza, basi mbona tungali twaitwa usiku? Swali ni la haki. Mwezi wa Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga kodi, walipigwa risasi katika barabara za Nairobi. Juni ya mwaka uliofuata, kijana mmoja, mwalimu, alikamatwa nyumbani kwa wazazi wake upande wa Homa Bay kwa sababu ya maneno aliyodaiwa kuyaandika juu ya ofisa mkubwa wa polisi, akaletwa Nairobi, akafia mikononi mwa polisi. Walisema alijigonga kichwa ukutani. Daktari wa serikali aliyeupasua mwili alisema majeraha hayo si ya kujigonga, na askari kadhaa wakafikishwa mahakamani. Kituo kilikuwa Central. Ni pale pale walipolala watu wa Thuku wakiomba Mungu, miaka 103 kabla.

Lakini tazameni tofauti, maana ipo. Mwaka 1922 hapakuwa na daktari wa serikali aliyesimama mbele ya watu akasema polisi wamesema uongo, wala mamlaka ya raia iliyoingia kituoni kuuliza maswali. Sheria imekwisha kusema askari ni wa nani. Kilichobaki ni sisi tusimamao mbele ya kaunta, na yeye asimamaye nyuma yake, tuianze desturi mpya, na desturi haitungwi Bungeni.

Kwa hiyo kamati imeona wanachama wajue mambo kadhaa kabla ya kwenda kituoni. Bondi ya polisi isiyo ya fedha haina malipo. Dhamana ya fedha hutolewa kwa risiti, na asiyetoa risiti hakupokea dhamana. Askari ana namba na jina, na kuyauliza si utovu wa adabu. Na kila aliyekamatwa huandikwa katika kitabu cha matukio, pamoja na saa, kwa kuwa saa zile 24 huhesabiwa tangu alipokamatwa, si tangu mzee alipofika.

Mwaka huu wazee wetu wawili walikwenda kituo kimoja kumwulizia mtoto wa mwanachama. Hawakuomba aachiliwe. Walimsalimu askari, wakataja jina la mtoto, wakauliza amekamatwa saa ngapi na kwa kosa gani. Yule kijana aliwatazama kitambo, kisha akakigeuza kile kitabu juu ya kaunta, akawaonyesha mstari kwa kidole. Mzee mmoja alitoa miwani yake mfukoni, akasoma, akatoa kalamu, akaandika ile saa nyuma ya kadi yake ya chama.